Baba Mkwe Nisiyemwona

Baba mkwe wangu nilimjua kwa kikohozi. Kabla sijajua ana pua ya namna gani, ana mvi au hana, nilikuwa nakijua kikohozi chake kutoka ng'ambo ya shamba zima la mpunga, na nikikisikia naacha kila kitu naruka kwenye migomba. Nikiwa na kuni, naruka nazo. Nikiwa na mtungi kichwani, naruka nao, na mitungi niliyovunja kwa ajili ya heshima ni mingi kuliko niliyovunja kwa uzembe. Siku moja niliruka nikamwangukia mbuzi wa jirani. Tangu hapo yule mbuzi akiniona naye anaruka.

Ndiyo ilikuwa mila ya Wanyakyusa wa bondeni, huko karibu na Mwaya nilikoolewa. Mkamwana hamwoni baba wa mumewe. Hamtazami, hasemi naye, haketi naye chini ya paa moja, na jina lake halitaji hata usingizini. Wakikutana njiani mmoja lazima apotee, na anayepotea ni mwanamke. Kazi ya mwanamume ni kukohoa tu.

Mimi nilitoka ziwani, kwa Wakisi, watu wa samaki na vyungu. Na sisi wakwe tuliwaheshimu, jamani, tusionekane wahuni. Lakini kwa kiasi. Unainama, unapita pembeni, maisha yanaendelea. Kwetu mlima umesimama huku na maji yako huku, katikati pana njia ya kupita mtu mmoja na mbwa wake. Ukisema uruke kila unapomwona mkwe, utakufa maji.

"Na nikimwona kwa bahati mbaya?" nilimuuliza mama mkwe, siku zile za kwanza za ndoa.

"Utakuwa tasa."

"Na nikiwa nimeshazaa?"

"Majirani watanung'unika. Manung'uniko yao yatakuingia mwilini, utashikwa na baridi, utetemeke mpaka meno yagongane."

Hizo waliziita pumzi za watu. Watu wakikusema chinichini, na wana haki ya kukusema, pumzi zao zinakuwa ugonjwa. Nilimwambia mama mkwe kwamba hiyo baridi kwetu tunaiita malaria. Akanitazama kwa huruma, kama mtu anayemtazama mgeni asiyejua kula kwa mkono.

Sasa msidhani hawa walikuwa watu wasiomjua Mungu. Walikuwa Wakristo watupu! Ukoo mzima ulibatizwa, kengele ya Jumapili iligongwa karibu na nyumba yetu, na huyo baba mkwe nisiyemwona ndiye aliyekuwa mchungaji.

Hapo kabla alikuwa mwinjilisti tu, mchungaji alikuwa Mzungu wa misheni, Mjerumani. Vita vya pili vya Wazungu vilipoanza, Waingereza wakamchukua yule Mjerumani wakampeleka kambini, ati adui, mzee wa watu ambaye adui yake mkubwa alikuwa mchwa wa kwenye paa la kanisa. Basi haraka haraka baba mkwe akawekewa mikono, akapewa joho, viatu vikubwa vya yule Mzungu, na bonde lote alichunge yeye.

Alikuwa na sauti, Mungu wangu! Nzito, ya kutikisa miti ya paa. Sisi wakamwana wake tulikaa nyuma kabisa ya kanisa, tumegeukia ukuta, tunasikiliza mahubiri huku tunahesabu nyufa. Kwa sauti ile nilimchora moyoni mwangu: pandikizi la mtu, mabega mapana, mkono kama mchi. Watu wengine walihangaika na suala la kumwamini Mungu wasiyemwona. Mimi halikunisumbua kamwe, nilikuwa na mazoezi ya kila siku nyumbani.

Niseme sasa kilichonisumbua.

Mtoto wangu wa kwanza alifariki akiwa mchanga, zile siku ambazo Mzungu ameshachukuliwa na baba mkwe hajawekewa mikono. Hapakuwa na wa kumbatiza. Akazikwa nyuma ya migomba, bila kengele na bila wimbo, kwa sababu sheria ya misheni ilisema asiyebatizwa hazikwi penye makaburi ya Wakristo. Niliona uchungu ambao sitaki kuueleza. Nilipopata wa pili, mvulana, niliapa mbele ya mama mkwe: huyu atabatizwa, hata kama mbingu na nchi zitagombana.

Na zikagombana kweli. Sheria nyingine ya yule Mzungu ilisema mtoto habatizwi mpaka mzazi mmoja asimame mbele ya mchungaji na kumjibia kwa kinywa chake. Mume wangu alikuwa Lupa, kwenye machimbo ya dhahabu, na wa Lupa huwezi kumwambia arudi kesho. Alipoondoka aliacha neno moja tu: akiwa mvulana apewe jina la babu yake. Mzazi aliyebaki nilikuwa mimi. Na mbele ya mchungaji mimi nisingeweza kusimama, labda mchungaji huyo awe baba wa mtu mwingine.

"Si alegeze sheria?" nilimuuliza mama mkwe. Yeye ndiye aliyekuwa mjumbe kati yetu, anakwenda na maneno nyumba ya pili na kurudi na majibu.

Akaenda, akarudi. "Anasema akilegeza sheria ya kanisa kwa mjukuu wake, watu watasema anapendelea nyumba yake."

"Basi alegeze mila."

Akaenda, akarudi. "Anasema akilegeza mila watanung'unika, na baridi itamshika mtoto kwanza."

Maskini, ndivyo alivyokuwa. Mkono huu ameshika Biblia, mkono huu ameshika mila, na hakuwa na mkono wa tatu wa kumshika mjukuu. Lakini wakati ule sikumwonea huruma hata chembe. Nilimwonea hasira, tena hasira za ziwani, zile zinazoanza asubuhi na kuendelea mpaka mchana.

Mama mkwe ndiye aliyepata ufumbuzi. Tutatundika mkeka wa matete katikati ya kanisa. Mchungaji huku, mkamwana na mtoto huku. Mchungaji atapitisha mkono juu ya mkeka na kumwagia mtoto maji.

"Na maswali nitajibuje, wakati sitakiwi kusema naye?"

Tukafikiri. Mwisho tukakubaliana nijibu kwa mtungi. Kugonga mara moja ni ndiyo. Hapana haikuwekewa mlio wake, kwa kuwa kanisani hakuna anayejibu hapana.

Siku ya siku kanisa likajaa, hata watu wa Ngonga walikuja. Mkeka ukatundikwa. Upande wangu alisimama mzee wa kanisa, kazi yake kuuongoza mkono wa mchungaji. Huyu mzee wa kanisa alikuwa na upara unaong'aa, na alijiona kwamba kanisa ni lake na mchungaji amepangishwa. Nikamshika mtoto kwa mkono mmoja, mtungi nikauweka kwenye kigoda mbele yangu, kijiti mkononi.

"Je, unamkataa Shetani na kazi zake zote?" sauti ikanguruma nyuma ya mkeka.

Ko!

Watu wakaguna kwa kuridhika. Mtungi ule niliufinyanga mwenyewe, mlio wake ulikuwa safi.

"Je, unamwamini Mungu Baba, muumba wa mbingu na nchi?"

Ko!

"Je, utamlea mtoto huyu katika imani hii mpaka mwisho?"

Hapo nikamkumbuka yule wa nyuma ya migomba, mkono ukanizidi nguvu. Nikagonga kwa moyo wangu wote. Mtungi ukapasuka vipande vipande, vigae vikatapakaa mpaka miguuni kwa mzee wa kanisa. Akainama aone kama ameumia. Na wakati anainuka, ndipo mkono wa mchungaji ulipokuwa unashuka juu ya mkeka ukitafuta kichwa.

Ukakipata. Upara na utosi wa mtoto mchanga, kwa mkono usioona, ni kitu kimoja. Mkono ukapapasa, ukaridhika. Maji yakamwagwa mara tatu, pamoja na maneno yote matakatifu, na jina lote, jina la baba mkwe mwenyewe, juu ya kichwa cha mzee wa kanisa, ambaye alikuwa ameduwaa na maji yanamchuruzika puani.

Halafu ile sauti nzito, kwa furaha ya babu, ikasema nyuma ya mkeka, "Loo, amekua!"

Nilijiuma midomo, wapi. Nilicheka mpaka nikakaa chini juu ya vigae. Mama mkwe alicheka, watu wa Ngonga walicheka, kanisa zima likawa soko. Aliyekuwa hacheki ni mzee wa kanisa, na nyuma ya mkeka mtu mmoja aliyekuwa akiuliza, "Kuna nini? Kuna nini huko?" bila kuthubutu kuchungulia.

Baraza la wazee likakaa. Je, ubatizo ule ufutwe? Mchungaji akasema ubatizo haufutwi, maneno yameshatamkwa. Basi mzee wa kanisa, na mvi zake za pembeni, akawa na jina jipya. Mama mkwe naye, ambaye kwa mila alikuwa hashindwi na mtu, akatoa hukumu yake pale nyumbani: mwenye jina ni mwenye jina. Sisi wakamwana wote wa ukoo tumkimbie na yule pia.

Patashika! Mzee wa kanisa nyumba yake ilikuwa njia ya kwenda mtoni. Tukawa tunasubiri na mitungi yetu vichakani mpaka aondoke kibarazani. Mwanzoni alikasirika, akasema tunamfanyia mzaha. Lakini jinsi siku zilivyokwenda nikaona anatembea taratibu zaidi, kifua mbele. Halafu siku moja, mnajua alifanya nini? Alikohoa! Mzee mzima, anatoka nyumbani kwake, anakohoa ili wake za watu waruke kwenye migomba. Vijana nao wakawa wanamwita kwa lile jina kila anapopita, kwa kumtania, naye anaitika.

Mtoto wangu, katika yote hayo, alibaki vilevile alivyokuwa. Mapele ya joto, meno mawili, na hana ubatizo.

Na sasa mambo yalikuwa magumu zaidi, maana baraza liliweka sharti: ili kichwa kisikosewe tena, mama atasimama mbele pasipo mkeka, na jina la mtoto atalitamka yeye. Nililijua shauri hilo limetoka wapi. Mzee wa kanisa alikuwa anataka jina abaki nalo peke yake.

"Kulitamka? Mbele yake? Kanisani?" Mama mkwe alikaa chini pale pale uani, miguu imenyooka. Kwa siku kadhaa hakuniambia neno zaidi ya salamu ya asubuhi, "ugonile," na hata hiyo aliisemea ukutani.

Nikaondoka na vyungu vyangu kwenda Mwaya kuvibadilisha kwa mchele. Pale Mwaya, penye maduka karibu na gati, kulikuwa na fundi cherehani wa Kiislamu aliyetoka pwani kabisa, pwani ya bahari. Mke wake alikuwa mteja wangu, mwanamke mcheshi, anapenda vyungu vyenye midomo mipana. Nikamkuta na buibui lake jeusi, limemfunika mpaka uso, analifunua aone rangi ya chungu. Nikasimama nikalitazama lile vazi.

"Shoga," nikamwambia, "ukivaa hilo anayekutazama anakuona?"

"Anaona buibui."

"Na wewe unamwona?"

"Kidogo, kama kivuli. Kwani vipi?"

Nikamweleza yote. Alicheka mpaka akajishika kwenye mlango. Halafu akaacha kucheka, akashangaa kweli.

"Ngoja kwanza. Baba mkwe? Baba wa mumeo? Mtume! Sisi twajifunika kwa wanaume wa nje, wapita njia. Baba mkwe ni maharimu wangu, mimi nikifika kwake ndiyo nalivua! Nyie mwatembea uso wazi sokoni kwa kila mtu, mnakwenda kujificha kwa baba yenu?"

"Ndivyo ilivyo."

"Na Mzungu wenu alisemaje?"

"Mke wa Mzungu alikuwa akimwita baba mkwe wake kwa jina, mezani, akimpitishia chumvi. Mama mkwe alisikia kwa masikio yake, mpaka leo akisimulia anashika kifua."

Mke wa fundi akatikisa kichwa. "Mungu huyo huyo mmoja," akasema, "anatuona wote tunavyohangaika na vitambaa." Akaingia ndani akanitolea buibui lake la zamani, nikampa chungu kikubwa kuliko vyote. Tukaagana kwa vicheko.

Jumapili nikaingia kanisani nimelivaa, mtoto kifuani. Hesabu yangu ilikuwa safi kabisa. Sitamwona, hataniona, na jina likitoka chini ya kitambaa makali yake yatakuwa yamepungua. Nilitembea katikati ya kanisa nimejikaza. Sikuwa nimefikiria jambo moja tu, nalo ni watu.

Watoto ndio walioanza kulia. Kisha mzee wa kanisa akasimama, akapiga kelele, "Ameslimu! Mkamwana wa mchungaji ameslimu!"

"Sijaslimu!" nikajibu kutoka ndani ya buibui, na ile sauti kutoka kwenye kile kitu cheusi ikawatisha watoto mara mbili.

"Nani huyo?" mchungaji aliuliza pale mbele. "Muulizeni ni nani."

Mwanamke mmoja akasema, "Ni mkamwana wako, tata," yaani baba.

Basi! Kupitia kile kitambaa nilikiona kivuli kinageuka na joho lake, kinatazama ukuta wa madhabahu. Akaendelea na ibada ameugeukia ukuta. Aliuhubiria ukuta, akauombea ukuta, akaubariki ukuta, na watu wakatoka. Alasiri mama mkwe akaniletea hukumu: nimewekwa chini ya adabu ya kanisa kwa kuvaa vazi la dini nyingine nyumbani mwa Bwana. Mtoto wangu asubiri mpaka adabu yangu iishe.

"Iishe lini?"

"Hawakusema."

Nililia siku hiyo, sifichi. Nililia kwa hasira, nikafinyanga vyungu huku nalia, na vyote vikatoka vimepinda.

Masika yakaja. Anayeijua Kyela anajua masika yake, mito inatoka kitandani kwake inakuja kulala kwenye mashamba, na kutoka nyumba hadi nyumba ni mtumbwi. Katika mafuriko hayo mtoto akashikwa na homa. Alikuwa wa moto, macho yanapinduka. Majirani walisema ndiyo zile pumzi, si nililazimisha mambo? Nikambeba, nikajifunga khanga moja, nyingine nikajitanda kichwani, nikatoka kutafuta mtumbwi wa kunipeleka kwenye zahanati.

Mtumbwi ulikuwa mmoja. Mwenyewe alikuwa Mkisi mwenzangu, mkorofi, hajabatizwa hata nusu, tumbaku yake ameifunga kwenye jani la mgomba juu ya sikio. Nilipofika nikakuta viatu. Viatu vikubwa vya Mjerumani, vimetulia kwenye sakafu ya mtumbwi, na joho jeusi mbele kabisa. Kikohozi kikatoka, cha kunionya nipotee.

Nipotee wapi? Migomba yote ilikuwa majini mpaka kiunoni.

"Mchungaji anakwenda milimani kwenye mkutano wa wachungaji," mwenye mtumbwi akaniambia kwa Kikisi, "hashuki mpaka mvua zikatike. Panda, au ogelea."

Hashuki mpaka mvua zikatike! Nikamtazama mtoto mikononi mwangu. Nikapanda.

Nikakaa nyuma, nimegeukia nyuma. Yeye mbele, amegeukia mbele. Katikati mwenye mtumbwi amesimama na upondo wake, anasukuma na kusonya. Tukaenda hivyo juu ya mashamba ya watu, migongo inatazamana. Nikasema moyoni: mtu wa pekee katika bonde hili anayeweza kumbatiza mwanangu yuko hapo nyuma ya mgongo wangu, nikinyoosha mkono namgusa, na mwanangu anakufa.

Ndipo mtoto alipotoa ile sauti. Ilikuwa sauti fupi, ya ajabu, na baada yake kimya. Sikufikiri. Niligeuka. Na yeye, babu yake, aligeuka. Tukakutana nusu ya nukta, tukashtuka, tukajitupa wote wawili upande mmoja ili tusionane.

Mtumbwi gani utavumilia hayo! Ukapinduka. Mwenye mtumbwi aliokoa tumbaku yake kwanza, kisha akaufuata mtumbwi wake uliokuwa unakwenda na maji, anatutukana sisi na dini yetu.

Maji yalinifika kifuani. Mtoto nilikuwa nimemwinua juu kwa mikono yote miwili, khanga ya kichwani imeshakwenda na maji. Macho nilikuwa nimeyafumba. Nilisikia maji yanatikisika, mtu anakuja, anahema.

"Nipe mtoto," akasema. Ukiacha yale maswali ya nyuma ya mkeka, hilo ndilo neno la kwanza alilowahi kuniambia mimi.

Nikanyoosha mikono. Haikufika kwake. Nikasogea, nikamkosa, mikono yake ikapita pembeni inapapasa hewa. Nikafumbua macho. Kumbe na yeye ameyafumba! Tumesimama kwenye shamba la mpunga la mtu, wazima wawili, tunapeana mtoto mgonjwa katika giza tulilojitengenezea mchana kweupe.

Na alikuwa mfupi! Mungu anisamehe, ndilo jambo la kwanza nililoliona. Maji yaliyonifika mimi kifuani yeye yalimfika shingoni. Kile kichwa kidogo chenye mvi kilikuwa kinaelea juu ya maji, kimefumba macho, midomo inatetemeka. Huyu ndiye niliyekuwa navunja mitungi kwa kumwogopa.

Mtoto akapiga chafya, akaanza kulia, kilio kizuri chenye nguvu. Na hasira zangu zote zikaja kwa pamoja.

"Tata," nikamwambia, "fumbua macho. Nimeshakuona. Kama ni kutetemeka, tunatetemeka tayari, maji haya ni baridi. Mtoto ndiye huyu. Maji ndiyo haya, sijui unataka mengi kiasi gani. Mbatize mwanangu. Sitazika mwingine bila wimbo."

Alifumbua. Macho yake yalikuwa mekundu, na sidhani yalikuwa maji ya mto. Alinitazama mara moja, akamtazama mtoto, akampokea. Akachota maji kwa kiganja. Halafu mkono ukasimama hewani.

"Sheria inataka jina litoke kinywani mwako," akasema. Ile sauti nzito ilikuwa imebaki ndogo.

"Jina unalijua."

"Nalijua. Lakini lazima ulitaje."

Kwa miaka nilikuwa nazunguka shamba zima nisilisikie. Nikafumba macho tena. Nikalitaja.

Sikusikia maji. Nilisubiri radi, nikasubiri baridi iingie kwenye mifupa, hakuna kilichokuja. Nikasikia anavuta kamasi. Wazazi wake walikuwa wamekufa zamani. Mkewe alimwita baba fulani, kanisa lilimwita mchungaji, sisi wakamwana tulimkimbia, na jina lenyewe vijana walikuwa wamelifanya utani wa mtu mwingine. Sikuyafikiria hayo mpaka pale majini, nilipomsikia mzee wa watu anashindwa kuendelea na ibada.

"Litaje tena, mwanangu," akasema.

Nikafumbua macho, nikamtazama usoni, nikalitaja tena. Safari hii maji yalishuka.